Maswali na Majibu: Kompyuta Inagoma Kusasishwa

*Mfumo wa Ubuntu unasema nafasi imekwisha, na diski ina GB 300 tupu. Inakuwaje? – Steshenari, Ngamiani, Tanga*

Kilichojaa ni /boot, patisheni (kipande cha diski) ya kuwashia, ambayo hutengwa pale mfumo unapowekwa kwa LVM (njia ya kugawa diski) au diski inapofungwa kwa nenosiri. Ipime kwenye Terminal, dirisha la kuandikia amri: `df -h /boot`. Nyingi za mifumo ya zamani hazifiki GB 1, na initrd, faili la kuwashia la kila keneli (kiini cha mfumo), linaweza kupita MB 100. Keneli nne kuukuu zikibaki humo, basi. GB 300 za jirani haziisaidii kitu. Anza kuziondoa hizo kuukuu kwa `sudo apt autoremove --purge`.

*Hiyo autoremove nayo inakwama, nafasi ni ile ile. Nifute kwa mkono? – Fundi, Chumbageni*

Futa, ila faili moja tu. Apt, programu ya kuweka na kuondoa programu, inakwama kwa sababu inataka kwanza imalize keneli mpya iliyoishia njiani, nayo inahitaji pa kuandikia initrd. `uname -r` itakuonyesha keneli inayotumika, hiyo usiiguse. Tazama `ls -lh /boot`, chagua ya zamani kuliko zote, mathalani `sudo rm /boot/initrd.img-5.15.0-91-generic`. Nyota (*) usiweke kabisa, itafuta zaidi ya moja! Kisha `sudo dpkg --configure -a`, `sudo apt -f install`, ndipo urudie autoremove.

Usizime mashine kabla haya hayajaisha: keneli isiyo na initrd mara nyingi haiwaki. Ukishazima, kwenye GRUB, menyu ya wakati wa kuwaka, chagua keneli ya zamani ambayo initrd yake hukuifuta. Wengi hapo hukimbilia kufomati, kazi bure.

Bado pamebana? Ndani ya /etc/initramfs-tools/initramfs.conf weka `MODULES=dep`, halafu `sudo update-initramfs -u -k all`. Initrd itapungua, ila diski hiyo ukiihamishia mashine nyingine huenda isiwake.

*Windows 10 kwenda 11 inaleta kosa 0xc1900104. – Mwalimu, Pongwe*

Mwalimu, hapo patisheni ya EFI, ya kuwashia Windows, mara nyingi MB 100, haina hata MB 15 za kupumulia. Matokeo ya wanafunzi yahamishie kwenye fleshi kwanza. Diski ikiwa ya GPT (mpangilio wa kisasa wa patisheni), fungua Command Prompt kama msimamizi: `mountvol y: /s`, `y:`, `cd EFI\Microsoft\Boot\Fonts`, `del *.*`. Ni njia ya Microsoft wenyewe. Kabla ya del, hakikisha mstari unaishia na Fonts.

*Nipanue /boot ya Ubuntu kwa GParted, programu ya kugawa diski? – Sahare*

Inawezekana, lakini lazima isogeze patisheni ya jirani, kazi ya saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati data zimekwenda. Nakili mafaili yako, weka mfumo upya, /boot uipe GB 2.