Shamba pori si lazima liwe na msitu

Mkuu, umeuliza kama "shamba pori" kwenye tangazo maana yake ni shamba lenye msitu. Siyo. Nimezunguka na madalali na wapimaji miaka kadhaa, na neno hilo halisemi lolote kuhusu miti. Linasema tu hakuna aliyefyeka. Msitu ni miti iliyoshonana. Nyika ni ukame na miiba. Mbuga, kwa wakulima, ni lile tambarare la udongo mweusi unaomeza matairi masika. Pori laweza kuwa lolote kati ya hayo, hata majani matupu ya kufika kiunoni. Bei yake iko chini kwa sababu kazi ya kung'oa visiki unaachiwa wewe.

Sasa hapa uwe macho: pori jingine ni mahame, yaani makazi yaliyohamwa. Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya Tanzania ya miaka ya 1970 ya kukusanya watu vijijini, ilihamisha watu wengi, na walikotoka pakaota miti. Kwa hiyo ukifika shambani usishangae miti, tazama chini. Kisiki kilichochipua mashina matatu manne kwenye shina moja kilishapigwa shoka. Ukiona matuta yaliyofifia lakini bado yamenyooka, vigae vya chungu, au mwembe mkubwa peke yake katikati ya miombo, hapo palikuwa na mji wa mtu. (Kuna aliyekula embe pale, na si nyani.) Wajukuu wake wapo, na hujitokeza trekta likishaingia.

Dalali atakuapia kuwa halina mwenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, hata kama haijawahi kuguswa na jembe. Usiishie kwa mwenyekiti. Kaa na wazee wanaopakana na eneo, wataje nani alilima wapi.

Halafu kuna Pori la Akiba na Pori Tengefu. Hayo ni majina ya kisheria ya uhifadhi wa wanyamapori. Sehemu kubwa ya Selous ilikuwa Pori la Akiba hadi 2019 ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kama eneo lako linapakana na hifadhi yoyote, peleka vipimo vya alama za mipaka ofisi ya ardhi ya wilaya wakuoneshe kwenye ramani kabla hujatoa hata shilingi ya udalali.

Ukienda, piga picha za visiki kwa karibu uziweke hapa.