Ziwa halina chumvi, angalia moshi

Dada, umeuliza kama upepo wa ziwa Viktoria hapa Kirumba, Mwanza, hubeba klorini kama ule wa Dar. Hapana. Lita ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Mawimbi yakipasuka, vitone hukauka na chembe za chumvi hubaki zikielea. Usiku, gesi zinazoanzia kwenye moshi wa magari huzigusa zikatoa naitrili kloridi, gesi yenye klorini. Jua likichomoza gesi hiyo huvunjika, na atomu za klorini huachiwa. Ziwa letu ni maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Huku mimi ningeangalia moshi kwanza: majani na kuni zikiungua hutoa chembe za kloridi ya potasiamu, chumvi nyingine yenye klorini. Si ndiyo maana wazee walichuja majivu wapate chumvi ya mboga?