Fundi Anajibu: Gari Linagonga Mbele Kila Ninapokanyaga Breki

SWALI: Assalaam alaykum, ndugu mjibu maswali. Gari langu ni Toyota Noah, ninalolitumia kuchukulia abiria na mizigo yao kati ya Wete na bandari ya Mkoani. Kwa muda sasa, kila ninapokanyaga breki husikika ngo! moja mbele upande wa kushoto, na nikiiachia husikika nyengine iliyo hafifu zaidi. Fundi wa kwanza alibadilisha pedi za breki na mlio ukabaki pale pale; wa pili ananitaka ninunue shokapu mbili mpya. Lipi la kweli, na je, naweza kuendelea kulitumia gari?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, shokapu usizinunue bado. Maelezo yako, hasa lile la mlio wa pili unapoachia breki, yananielekeza kwenye bushi ya mkono wa chini wa gurudumu la kushoto kuliko pahala pengine popote.

Breki inapoikamata diski, gurudumu hutaka kubaki nyuma ilhali bodi ya gari bado inasukumwa mbele na mwendo wake. Kinachozuia viwili hivyo visiachane ni mkono wa chini, uliofungwa kwenye fremu kwa bushi, yaani mpira ulioshikamana na bomba la chuma. Mpira huo ukichanika, mkono huteleza hadi chuma kikakutana na chuma, na ukiondoa mguu kwenye breki mkono hurudi ulikotoka na kugonga tena. Shokapu kazi yake ni kutuliza mruko wa springi. Ikichoka, utaijua zaidi kwa gari kunesanesa na kugonga kwenye mashimo, wala si kwa breki kwenye lami iliyonyooka.

Fundi wa kwanza hakukosea kuzishuku pedi, kwani pedi zilizokosa vibanio vyao vya bati hucheza na kugonga. Lakini pedi ikishasukumwa upande mmoja hubaki huko huko, hivyo hugonga mara ya kwanza tu unapokanyaga breki baada ya kurudi nyuma, kisha hunyamaza mpaka urudi nyuma tena. Mlio wako unasikika kila mara. Hata hivyo, kwa kuwa breki zilishafunguliwa, ahakikishe kwa spana kwamba bolti za kalipa, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, zimekazwa na kwamba vibanio vilirudishwa. Sijui kipuri kinachopotea gereji kwa wepesi kuliko hivyo vibanio.

Anza na lisilo na gharama: toa jeki, tairi la akiba na mizigo yote, kisha ujaribu tena, maana chuma kilicholegea ndani ya gari huweza kumdanganya hata dereva mzoefu. Mlio ukibaki, tafuta pahala tambarare pasipo na watu, umweke mtu pembeni, usawa wa gurudumu la kushoto, si mbele ya gari wala nyuma yake. Nenda mbele kwa mwendo wa mtu atembeaye, kanyaga breki, rudi nyuma, kanyaga tena. Bushi ikiwa imekufa, ataliona gurudumu likisogea nyuma ndani ya madigadi, na ukirudi nyuma litasogea mbele.

Uthibitisho hupatikana gereji, gari likiwa limeinuliwa na kuegemezwa kwenye stendi, maana jeki peke yake si ya kumlaza mtu chini ya gari. Fundi alishike tairi juu na chini alitikise: likicheza, ashuku boli jointi, yaani kiungo cha duara kinachoushika mkono wa chini na gurudumu, au beringi ya gurudumu. Alishike kushoto na kulia: likicheza, aangalie tairodi endi, yaani kiungo cha fimbo ya usukani inayoligeuza gurudumu. Kisha apenyeze mtalimbo baina ya mkono wa chini na fremu, autie nguvu kidogo kidogo huku akiitazama bushi. Mpira mzima hupinda na kurudi. Uliochanika huachia mwanya unaoonekana kwa macho.

Kuhusu kuendelea na kazi: ikiwa ni bushi tu, gari litafika gereji kwa mwendo wa pole, ingawa abiria wa boti ningewatafutia gari jengine. Ikiwa boli jointi inacheza, au kanyagio la breki linazama, au gari linavutia upande mmoja kwa nguvu, lisitoke lilipo, fundi alifuate. Boli jointi ikichomoka, gurudumu hukunjika na dereva hana tena la kufanya na usukani.

Badilisha bushi za pande zote mbili, kwani zimezeeka pamoja, na ukatae kabisa kipande cha tairi kilichochongwa kiwe badala ya bushi. Mjiandae pia kwa bolti iliyoshikwa na kutu, kwa hii hewa yetu ya chumvi; mara nyengine hukatwa. La kumsimamia fundi zaidi ni ukazaji. Bolti ya bushi isikazwe moja kwa moja gurudumu likiwa linaning'inia hewani. Ishikizwe tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo ikazwe kikamilifu. Ikikazwa juu ya jeki, mpira husokoteka mara gari linaposhuka, na bushi mpya huchanika kabla ya wakati wake. Baada ya hapo gari lipimwe alaimenti, yaani unyookaji wa magurudumu, kwani vipimo vilivyowekwa mkono ukiwa umelegea havitafaa kwa mkono uliorudi mahali pake.