Je, nimwonyeshe mama filamu hii?

SWALI: Shikamoo shangazi. Kaka yangu mkubwa alifariki mwaka jana, akazikwa kijijini. Mama amegoma kuja kukaa nasi mjini, anasema hawezi kuliacha kaburi la mwanawe. Nimetazama filamu ya Lesotho, *This Is Not a Burial, It's a Resurrection*, nikalia sana, ingawa sehemu nyingine sikuzielewa. Je, nimwonyeshe? Na wale kondoo maana yake nini?
M., Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Usimwonyeshe sasa. Filamu hii ya Lemohang Jeremiah Mosese ya mwaka 2019 inaanza na mjane wa miaka 80, Mantoa, anayemsubiri mwanawe arudi Krismasi kutoka migodini Afrika Kusini, akaletewa habari ya kifo. Ameshazika karibu wote aliokuwa nao. Anasikiliza matangazo ya vifo redioni na kuandaa maziko yake mwenyewe. Mama yako asiyaone hayo akiwa peke yake, tafadhali.

Kondoo wanamzunguka ameketi kitandani, ndani ya nyumba iliyoungua. Usihangaike kufumbua. Mfiwa huiona dunia hivyohivyo, kila kitu kipo lakini hakikai mahali pake. Marehemu Mary Twala, aliyekuwa Mantoa katika filamu na aliyefariki Julai 2020, aliigiza hayo kwa uso tu, na mimi sijaona uigizaji wa msiba unaoupita huo.

Kisha linakuja suala la bwawa: kijiji kizima kifunikwe na maji, na makaburi yake. (Lesotho kweli ilijenga mabwawa ya Katse na Mohale kupeleka maji Afrika Kusini, na watu wa milimani wakahamishwa.) Bibi aliyekuwa akiomba kufa ndiye anayesimama kukataa. Makaburi yamempa kazi ya kufanya.

Kwa hiyo msimhamishe mama kwa haraka. Hilo kaburi mnaloona linamfunga, huenda ndilo linalomwamsha asubuhi. Mmoja wenu aende akae naye. Mwulizeni angependa kaburi lijengewe vipi. Angalieni kama anakula na kulala, na akisema anataka kumfuata mwanawe, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, msiseme atazoea.

Mama mwenyewe akianza kumtaja kaka yako bila kuulizwa, hapo ketini pamoja mtazame. Wanazungumza Kisotho na tafsiri iliyoandikwa chini ni ya Kiingereza, hivyo utamsimulia polepole, na akitaka kusimama, zima.