Kula Paris: ya nyota nenda mchana, bistro jioni

Mkuu umesema unampeleka wife Paris mwezi wa tano, mnataka mle sehemu moja yenye nyota ya Michelin (kile kitabu kinachopa nyota migahawa bora) na siku zingine bistro, yaani vimgahawa vya kawaida, ila unaogopa bei, nguruwe na pombe. Mi nipo huku Ufaransa muda sasa na kote nimekula.

Ya nyota nenda mchana, siku ya kazi. Jiko lile lile, mpishi yule yule, ila mchana nyingi zina menyu ya bei maalum, kuna zingine inashuka mpaka nusu ya usiku. Buku mapema, wanaweza kutaka namba ya kadi na msipotokea wanakata. Jumapili na Jumatatu nyingi zimefungwa. Halafu kinachomaliza watu siyo chakula ni vinywaji, yaani hamjakaa vizuri kijana kashafika na tabasamu anauliza mnaanza na champagne, hapo ukiitikia tu bili ishapanda. Sema "une carafe d'eau", ni jagi la maji ya bomba, bure kisheria, na hakuna wa kukushangaa.

Bistro sasa. Bei lazima wabandike nje, soma kabla hujaingia. Kuna mgahawa unaitwa Bouillon Chartier, mtaa wa Faubourg Montmartre, upo toka 1896, foleni ndefu ila inasogea, mhudumu anaandika oda yenu kwa kalamu kwenye karatasi iliyotandikwa mezani na mwisho anajumlisha hapo hapo mnamwona. Chakula cha kawaida tu kusema ukweli, mnaenda kwa ajili ya ukumbi na zile kelele.

Nguruwe yupo hadi kwenye saladi, ukiona neno "lardons" (vipande vya nguruwe) achana nayo. Andouillette ni utumbo wa nguruwe umejazwa kama soseji, harufu inatangulia sahani, wenyewe wanaipenda balaa. Coq au vin (kuku) na boeuf bourguignon (nyama ya ng'ombe) zinapikwa na divai, na wale kome wa marinière pia. Mi nakushauri sole meunière, samaki anapitishwa kwenye unga anakaangwa na siagi, limao juu, basi. Bata wa confit, anayepikwa taratibu kwenye mafuta yake, mtamu sana, ila kama mnafuata ya kuchinjwa baki na samaki. Kwenye dizati kimbia keki inaitwa "baba au rhum", imelowa ramu chapachapa.

Steki ukisema "à point" inakuja pinki katikati, wife kama hapendi damu sema "bien cuit". Tartare ni nyama mbichi kabisa.

Jiko sehemu nyingi mchana ni saa sita mpaka saa nane hivi, usiku kuanzia saa moja, ukifika saa kumi na njaa yako ni mkate wa boulangerie, duka la mikate. Ukiingia anza na bonjour, usipite moja kwa moja kwenye meza. Bili hailetwi mpaka uombe, sio dharau. Tip siyo lazima, huduma ishawekwa kwenye bei, mi huwa naacha sarafu mbili tatu nikifurahi.

Mtafikia mtaa gani? Sema nikuelekeze za karibu.