Wasomaji Wanauliza: Tulale Wapi Katika Likizo ya Ski Norwei?

Swali la kwanza

Ndugu Mhariri, mdogo wangu wa kike anaishi Hamar, nchini Norwei, tangu familia yake ilipopokelewa huko, na sasa ametualika mwezi wa Machi twende naye milimani juma moja tujifunze ski ya masafa, yaani ile ya kutembea kwa kuteleza misituni, si ile ya kushuka mteremko kwa kasi. Tutakuwa mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka minane na kumi na mmoja, pamoja na mama yangu mzazi, ambaye amekwisha kusema kwamba miguu yake haitavaa ski. Mdogo wangu anatutaka tuchague kati ya hoteli ya bei nafuu mjini Lillehammer, nyumba ya mbao ya kukodi huko Sjusjøen, na hoteli ya mlimani inayotoza chumba pamoja na chakula cha asubuhi na cha jioni. Hiyo ya mwisho ni ghali kupita zote. Je, fedha hiyo ya ziada inalipia nini hasa? – Mama wa watoto wawili, Ibanda, Bukavu

Jibu

Mama, ukitazama picha za matangazo utaona kitanda, dirisha na milima nyuma yake, na kwa picha hizo makao yote matatu yatafanana. Tofauti yake huonekana asubuhi mnapotoka na alasiri mnaporudi mmechoka na kulowa, kwa hiyo nitaanza na kutoka.

Lillehammer ni mji wa kupendeza, ndio ulioandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1994, lakini umejengwa bondeni kando ya ziwa Mjøsa, ziwa lile lile ambalo mdogo wako analiona huko Hamar, ilhali njia ndefu za ski ziko juu, upande wa Nordseter na Sjusjøen. Atakayelala mjini itambidi kila siku apande basi au gari akiwa na jozi kadhaa za ski, fimbo zake, viatu vigumu, na watoto waliovaa nguo nene ambao, mara tu mnapofika juu, mmoja wao atataka kwenda chooni. Ukilala pale pale njia inapopita, mtoto aliyechoka baada ya saa moja hurudi ndani na mzazi mmoja, anywe kakao, na wengine wakaendelea. Kwa familia inayojifunza, naona jambo hili peke yake linatosha kuiondoa hoteli ya mjini, hata ikiwa bei yake inavutia.

Hata hivyo, neno "karibu na njia" katika matangazo lisikutoshe. Njia za ski ya masafa hutengenezwa na mashine inayokandamiza theluji na kuchonga mifereji miwili myembamba, na ski za mwanafunzi hukaa ndani ya mifereji hiyo kama magurudumu ya treni relini; nje yake, mtu asiyezoea huanguka hovyo. Mwulize mwenye nyumba ni mita ngapi kutoka mlangoni hadi njia iliyopitiwa na mashine, kama kuna barabara ya magari ya kuvuka, na kama njia ya kwanza mtakayoikuta ni tambarare au inaanza na mteremko. Mdogo wako anaweza kuyahakiki majibu hayo kwenye tovuti iitwayo Skisporet, ambako ramani huonyesha mashine ilipita wapi na lini. Sjusjøen yenyewe haina kasoro kwa upande huu: iko juu, theluji yake hudumu vizuri mwezi wa Machi, na ina njia zaidi ya kilomita 300. Lakini kijiji kimetawanyika, na nyumba mbili zenye anwani ya Sjusjøen zaweza kutofautiana sana kwa umbali wa njia.

Sasa tuje kwenye kurudi. Mtu anayejifunza huanguka mara nyingi, theluji huingia kwenye mikono ya koti na ndani ya glavu, na jasho nalo hulowanisha soksi na viatu kutoka ndani. Hoteli nzuri ya mlimani ina chumba cha kukaushia chenye hewa ya moto inayozunguka, vigingi vya kutundikia glavu, na rafu za viatu, na kila kitu huwa kikavu kabla ya chakula cha jioni. Mahali pasipo na chumba hicho, familia nzima hupanga glavu na soksi juu ya kipasha joto kimoja chini ya dirisha, chumba kikajaa unyevu na harufu, na asubuhi utakuta glavu imekauka nje, huku ndani, kwenye ncha za vidole, bado ni baridi na maji. Mtoto akitoka na glavu hiyo katika baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri, hatakaa nje hata nusu saa. Ningeweza kuvumilia chumba kidogo na kitanda chembamba, lakini nyumba isiyo na mahali pa kukaushia nguo nisingeilipia hata kwa nusu bei. Nyumba nyingi za kukodi huwa na kabati la kukaushia au sakafu ya moto mlangoni. Nyingine hazina, na tangazo halitasema kwamba hazina.

Mahali pa kuhifadhia ski usiku napo pawepo, penye kufuli. Habari ya kupaka nta chini ya ski kulingana na baridi ya siku msijisumbue nayo kwa mara ya kwanza: kodini ski zenye ukanda wa manyoya chini yake, ambazo hushika theluji bila nta.

Linabaki swali ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalotenganisha nyumba ya kukodi na hoteli: nani atapika? Nyumba ya mbao ina jiko lake, mama mzazi atakuwa na sebule ya kuota moto, na unga wa fufu unapatikana Oslo katika maduka ya mtaa wa Grønland, kwa hiyo hamtakula mkate na jibini siku zote. Lakini mara nyingi bei ya nyumba haijumuishi shuka, taulo, wala usafi wa siku ya kuondoka, na pengine umeme hulipwa kando kwa mita; ukijumlisha hayo, tofauti na hoteli hupungua. Zaidi ya hayo, saa kumi jioni, watu wote wakiwa wamejilaza, nawaza kwamba atakayesimama jikoni kuwapikia si mume wako. Fedha ya ziada ya hoteli inakulipia wewe kupumzika, na inamlipia mama yako mahali penye watu, chai na meko mchana kutwa, badala ya kubaki peke yake katika nyumba ya mbao akitazama theluji.

Kwa hiyo nakushauri hivi: chukueni hoteli ya mlimani kwa usiku nne tu, katikati ya juma, halafu siku zilizosalia mkae kwa mdogo wako Hamar, ambako kutoka Sjusjøen ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Usiku nne zinatosha kwa miguu isiyozoea. Muulize mwenye hoteli pia kama wageni wanaruhusiwa kufunga chakula cha mchana kutoka meza ya asubuhi, maana hoteli nyingi za milimani hufanya hivyo, na mkate uliofungwa kwenye karatasi, ukiliwa juani kando ya njia, ni sehemu ya mchezo wenyewe. Usishangae mkikuta kitanda cha watu wawili kina mifarishi miwili, kila mtu na wake. Ndivyo walivyozoea huko, hakuna aliyewadhania kwamba mmegombana.

Jambo la mwisho ni la kwetu sisi wenye kuomba viza. Ombi la viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Norwei ikiwamo, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini waweza kufika siku 45, na lazima uonyeshe mtalala wapi. Kwa hiyo shikeni chumba kinachoweza kufutwa bila malipo hadi siku chache kabla ya kufika, hata kama bei yake imezidi kidogo ile isiyorudishwa. Punguzo la bei ambalo litakupotezea fedha zote viza ikichelewa halina faida kwako.

Swali la pili

Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, nimepanda Nyiragongo na kulala katika vibanda vya kileleni, kwa hiyo baridi naijua. Rafiki yangu anayesoma Bergen ameniambia kwamba chama cha watembezi cha Norwei kina vibanda milimani vya bei ndogo kuliko hoteli, na kwamba mtu huenda kwa ski kutoka kimoja hadi kingine. Naona hilo linanifaa kuliko starehe za hoteli. Unasemaje? – Kijana wa Himbi, Goma

Jibu

Marahaba, mwanangu. Chama hicho huitwa Den Norske Turistforening, kwa kifupi DNT, kimekuwapo tangu 1868, na kina vibanda zaidi ya 500. Rafiki yako amesema kweli kuhusu bei, lakini huenda hakukueleza kwamba vibanda hivyo ni vya aina tatu: vyenye wahudumu wanaopika, visivyo na wahudumu ila vina ghala la chakula, na vile ambavyo havina hata chakula. Starehe utakayoipata inategemea aina utakayofikia.

Nyiragongo ina mita 3,470, na baridi ya kileleni naiheshimu. Lakini kule ulikwenda na kiongozi, na pengine mpagazi alikubebea godoro na mpishi akakuchemshia chai. Katika kibanda kisicho na wahudumu unafika jioni umechoka, unafungua kwa ufunguo wa chama, na ndani kuna baridi ile ile ya nje. Unawasha jiko la kuni kwanza. Kisha unachukua ndoo, unatoka kutafuta theluji safi upande ulio mbali na choo, unaijaza mpaka juu, unaiweka jikoni, na ikiyeyuka unakuta maji kidogo tu chini ya ndoo, kwa hiyo unatoka tena. Kuni zikipungua unapasua nyingine, kwa sababu atakayefika baada yako naye anahitaji kuzikuta. Ghalani kuna vyakula vya makopo, uji na mikate mikavu. Unachukua unachohitaji, unaandika ulichokula na usiku uliolala, na unalipa kwa uaminifu bila kuwa na mtu wa kukudai. Mimi naupenda sana utaratibu huo. Lakini haumfai mtu ambaye bado hajajua kusimama juu ya ski, kwa sababu kibanda kinachofuata kiko mbali, upepo wa nyandani huja bila kubisha hodi, na ukikwama hakuna wa kukushika mkono.

Kwa mwaka wa kwanza, basi, nenda kwenye kibanda chenye wahudumu. Kutoka Bergen treni ya kwenda Oslo husimama Finse, stesheni iliyo mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, mahali pasipofikiwa na barabara ya magari, na DNT wana nyumba yao hapo hapo. Chakula cha jioni huliwa kwa saa moja iliyopangwa, wote pamoja, vyumba ni vya vitanda vya juu na chini unavyoweza kuchangia na wageni, na mfuko wa shuka wa kulalia ndani yake ni wajibu uwe nao. Toka siku za hali nzuri tu, pamoja na wengine, na ufuate njia zilizowekewa alama za matawi ya mti yaliyochomekwa kwenye theluji. Ukiona pepo za Finse zimekuzidi, reli ile ile itakushusha Geilo, ambako kuna misitu ya kukukinga na njia za mashine. Angalia kwanza tarehe za kufunguliwa, kwa sababu nyumba nyingi zenye wahudumu hazikai wazi majira yote ya baridi.

Swali la tatu

Mimi na mke wangu tutakuwa Oslo kwa shughuli za kanisa hadi katikati ya Desemba, na tungependa kubaki hadi Noeli tujaribu ski siku mbili au tatu. Je, tutafute hoteli ya milimani yenye mandhari? – Mchungaji, Kamalondo, Lubumbashi

Jibu

Mchungaji, mandhari hayo mtayaona kwa muda mfupi mno. Wiki ya Noeli, katika eneo la Oslo na Lillehammer, jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na kitu alasiri, na upande wa Tromsø halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Theluji ya Desemba nayo haina uhakika katika sehemu za chini. Kinachofaa kulipiwa mwezi huo ni njia yenye taa karibu na mlango, na mjini Oslo mtaipata bila hoteli ya mlimani: treni ya mjini, njia namba 1, hupanda hadi Frognerseteren, mkashuka na ski zenu mkononi na kuingia msituni, ambako baadhi ya njia huwashwa taa jioni. Laleni katika hoteli iliyo karibu na stesheni yoyote ya njia hiyo, mkiuliza kwanza kama wana mahali pa kuweka ski zenye maji.

Kama mnaweza kusogeza safari, njooni Machi, kabla ya Pasaka. Nusu ya pili ya Februari na mwanzo wa Machi kuna likizo za shule, na wiki ya Pasaka Wanorwei wenyewe huhamia milimani kwa wingi, kwa hiyo vyumba hujaa na bei hupanda. Juma lolote lililo katikati ya vipindi hivyo viwili litawapa mchana mrefu, theluji nyingi, na mwenye hoteli aliye tayari kuzungumza bei.