Kabla Hujamchagulia Mtu Riwaya ya Mapenzi

Nikiulizwa "dada, nipe riwaya nzuri ya mapenzi," huwa sitaji jina la kitabu hapo hapo. Nauliza kwanza: riwaya gani ya mwisho ilikufanya ukeshe? Kisha nauliza la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: ni kitu gani ukikikuta katikati ya kitabu, unakifunga na hukirudii tena?

Swali la kwanza watu hulijibu kwa furaha. La pili linataka subira, kwa sababu majibu yake yanatoka kwenye maisha. Mmoja hawezi kabisa kusoma usaliti, hata ukiishia kwa msamaha. Mwingine amefiwa na mtoto na hataki kukutana na kilio hicho ndani ya kitabu alichokichukua ili apumzike. Kazini kwetu yupo dada asiyemvumilia stelingi anayemfokea mwanamke mbele za watu, halafu kurasa chache mbele anakuja na cheni ya dhahabu na mambo yanaisha. Ukishayajua hayo, nusu ya vitabu ulivyotaka kumpa vinaondoka vyenyewe mezani, na vilivyobaki unaweza kuvisema kwa moyo mmoja.

Nimekuwa nikiazimisha na kupendekeza riwaya hizi kwa muda mrefu hapa Dar, kwa majirani, wafanyakazi wenzangu, wadogo zangu na marafiki zao. Naziheshimu. Anayesema ni vitabu vya kupotezea muda hajamwona mama wa watoto wanne akisoma usiku nyumba nzima ikiwa imelala, saa pekee ambayo hakuna anayemwita. Kumpa mtu kama huyo kitabu kisichomfaa ni kumpotezea saa yake.

Jambo ambalo lazima ulielewe kabla ya yote ni ahadi. Riwaya ya mapenzi, kwa maana wanayoitumia waandishi na wachapishaji wa aina hii huko Uingereza na Marekani, ina sharti mbili: mapenzi ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho unawaacha wapenzi pamoja, wakiwa na furaha au angalau matumaini. Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, ilijenga jina lake juu ya ahadi hiyo. Msomaji anajua watapatana. Anachosomea ni njia. Ndiyo maana kumwambia mtu "wanaishia pamoja" si kummalizia utamu. Kinachommalizia utamu ni kumwambia kilichowatenganisha, nani alidanganya, na barua ilikuwa na nini.

Sasa, fasihi yetu ina mapenzi tele, lakini mara nyingi haikuweka ahadi hiyo. Chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin anaozwa akiwa binti mdogo kwa mzee Raza, anaondoka, na penzi lake na Denge linakua Zanzibar ya ukoloni, huku Denge akiwa mtu wa harakati anayewindwa na serikali. Naipenda sana na naipendekeza sana, ila kwa maneno haya: hapa siasa ina nguvu kuliko mapenzi, usiingie ukisubiri harusi. Msomaji aliyeandaliwa hivyo anaifurahia. Asiyeandaliwa atakulaumu wewe, na ana haki.

Kwenye riwaya za mapenzi ya kisasa, zile za watu wa kawaida wenye kazi, kodi ya nyumba na ndugu wasioisha simu, mimi natazama maisha ya mhusika nje ya mapenzi. Ana marafiki? Ana kazi inayoonekana akiifanya? Ana mwili unaochoka? Get a Life, Chloe Brown ya Talia Hibbert, iliyotoka mwaka 2019, inanigusa kwa sababu hiyo: Chloe ana maumivu sugu ya mwili, na maumivu hayo hayapotei kwa kuwa amependwa. Nimeshawapa wanawake wanaoishi na maradhi ya kudumu na wakarudi na mengi ya kusema. Lakini ni kitabu chenye mambo ya chumbani yaliyoandikwa waziwazi, na hilo nalisema kabla sijakitoa mkononi.

Nasisitiza hapa kwa sababu watu wengi wanaona haya kulisema. Mtu anapendekeza kwa kificho, "kizuri sana, wewe soma tu," halafu binti wa kidato cha tatu anakisoma kwenye simu ya mama yake. Sema wazi: mlango wa chumba unafungwa, unabaki nusu, au uko wazi kabisa. Wala usikisie kwa kuangalia jalada au aina. Twilight, ya mwaka 2005, ina vampaya, yaani kiumbe anayenyonya damu za watu, na mahaba kila ukurasa, lakini wapenzi wake wanasubiri hadi ndoa, ambayo inakuja kwenye kitabu cha nne. Kuna riwaya za ofisini zenye majalada ya maua ambazo ni moto mara kumi ya hiyo.

Nije kwenye mapenzi ya viumbe, yaani vampaya, watu wanaogeuka chui au mbwa mwitu, wachawi na mizimu. Hapa ndipo kumjua msomaji wa Dar kunapohitajika zaidi. Nani kati yetu hajasikia habari za jini mahaba? Uswahilini kwetu anaelezwa kama mgonjwa anavyoeleza ugonjwa: anamwingia mwanamke usiku, anamwonea wivu, anamzuia kuolewa, anamharibia ndoa, na watu huenda kwa shehe, kwa mganga au kanisani kumwondoa. Msomaji anayebeba hadithi hizo akifungua kitabu ambamo kiumbe wa usiku ndiye mchumba, anaweza kuchukua njia mbili. Wapo wanaovutiwa mno, maana kitu walichoogopeshwa nacho utotoni sasa kina jina, kina huzuni, na kinaomba ruhusa. Wapo ambao dhamiri zao haziwaruhusu hata kidogo, na hao usiwabishie wala usiwacheke. Uliza tu: mambo ya majini na uchawi kwenye hadithi yanakukera? Akisema ndiyo, mrudishe kwenye ya kisasa, hapo kuna vitabu vya kumtosha maisha yake yote.

Kwa anayekubali, kipimo changu ni kimoja. Riwaya hizi hupenda wazo la mwenza aliyeandikiwa: kiumbe anamnusa au anamwona mwanamke mara moja na anajua ni wake. Mimi nauliza, je, mwanamke anaweza kukataa, na kukataa kwake kunasikilizwa? Kama hawezi, basi tumerudi kwa jini mahaba yule yule, ila amevaa suti. Nguvu za kiumbe nazo ziwe na mipaka na gharama, la sivyo hakuna hatari, na pasipo hatari mapenzi yao hayajaribiwi.

Nalini Singh, mwandishi aliyezaliwa Fiji na kukulia New Zealand, ndiye ninayeanza naye mara nyingi. Mfululizo wake wa Psy-Changeling ulianza mwaka 2006 na Slave to Sensation: upande mmoja watu wenye nguvu za akili waliofundishwa kuzima hisia zote, upande mwingine watu wanaogeuka wanyama na ambao kwao kugusana ni sehemu ya uhai. Ukimkutanisha mtu aliyekatazwa kuhisi na mtu asiyeweza kuishi bila kuhisi, hadithi inajisukuma yenyewe. Kila kitabu kina wapenzi wake, hivyo mtu anaweza kuona hakuna haja ya kufuata mpangilio, lakini nyuma yao kuna mgogoro mkubwa unaoendelea kutoka kitabu hadi kitabu. Mwambie msomaji aanze na cha kwanza.

Hilo la mpangilio ni muhimu hasa kwa tunaonunua vitabu vya mtumba vinavyotandazwa kando ya barabara kule Posta. Pale utapata cha tano bila cha nne, cha pili bila cha kwanza. Kabla ya kulipa, fungua kurasa za mwanzo palipoorodheshwa vitabu vingine vya mwandishi, uone hicho ni cha ngapi. Kisha soma ukurasa mmoja wa katikati, penye mazungumzo. Mwanzo kila mwandishi ameupamba. Katikati ndipo unaposikia kama hao wawili wana la kuambiana. Usiisahau pia Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwa anayebanwa na hela.

Na hadithi zetu za simu? Nazisoma, na nazipendekeza. Zipo za ndoa ya mkataba, za bosi tajiri na binti wa Mbagala, na za majini kwa wingi. Waandishi wanaziuza kwenye magrupu ya WhatsApp, unatuma hela kwa simu na unapokea sehemu zinazofuata. Kabla sijamwelekeza mtu huko nahakikisha kwanza kwamba hadithi imekamilika, maana "itaendelea" isiyoendelea inauma. Na siwatumii watu faili niliyolipia mimi. Nawapa namba ambayo mwandishi mwenyewe ameitangaza, wakanunue kwake. Mwandishi huyo anaandika usiku baada ya kazi, na pesa hizo ndizo zinazomfanya amalize.

Ukishampa mtu kitabu, mwache. Usimuulize kila siku amefika wapi. Akikirudisha hajakimaliza, usimlazimishe akupe sababu ya heshima. Muulize tu aliishia ukurasa upi, kisha wewe mwenyewe ufungue hapo usome.